Ameanguka Mara Mbili, Kapewa Dhahabu

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi na kuna waliokwisha kutangaza kwamba nimedisco kimyakimya. Sijadisco jamani. Ni testi nne mfululizo, bum likachelewa kama kawaida yake, na laptopu ikagoma kuwaka mpaka fundi wa pale stendi alipoifungua, akaipuliza vumbi, akanichaji elfu kumi. Tuyaache hayo. Leo nina jambo limenikaa kichwani ambalo halina uhusiano wowote na kozi yangu wala na joto hili la Dar. Nataka kuongelea wale watu wanaoteleza kwenye barafu kwa viatu vya chuma, wanaruka, wanazunguka hewani kama pia, halafu wengine wanaanguka puu, wanainuka, wanaendelea, na bado wanavishwa dhahabu.

Msicheke. Najua barafu pekee ambayo wengi wetu tumeikaribia ni ile ya kufunikia samaki pale Feri na ile ya kwenye juisi ya ukwaju. Lakini bando la usiku halina adabu. Ukishamaliza muziki na mechi, YouTube inakupeleka inakotaka yenyewe. Mimi ilinipeleka London. Siyo London ya Arsenal na Chelsea, hapana. London nyingine, iko jimbo la Ontario kule Kanada, na ndiko yalikofanyika mashindano ya dunia ya mchezo huu mwaka 2013.

Basi bwana. Ni shindano la wanaume. Kuna Patrick Chan, Mkanada, bingwa wa dunia wa 2011 na 2012, na safari hii yuko nyumbani kwao. Na kuna kijana wa miaka 19 kutoka Kazakhstan anaitwa Denis Ten. Mchezo wenyewe unachezwa mara mbili: kuna programu fupi siku ya kwanza, halafu programu ndefu siku nyingine, alama zinajumlishwa. Kwenye fupi Chan alipata 98.37, ambayo wakati ule ilikuwa rekodi ya dunia. Ten akapata 91.56. Kwenye ndefu Ten akateleza vizuri mno, karibu hakuna alipokosea, akapewa 174.92. Chan akaanguka mara mbili. Mara mbili! Anatua kwa makalio mbele ya watu wa nchi yake. Akapewa 169.41.

Sasa jumlisheni. Chan 267.78. Ten 266.48. Tofauti ni pointi 1.30. Dhahabu kwa aliyeanguka.

Rumeti wangu alikuwa kitanda cha juu, nikadhani kalala. Kumbe anachungulia. Akaning'iniza kichwa chini kama popo: "Mwanangu, huyu si ndo kaanguka mara mbili? Hao majaji wamekula nini?" Nikamwambia sijui, ngoja nitafute. Na kweli nikatafuta, kwa sababu nilijua kwa nini anauliza. Hili swali kwake halikuwa la Kanada.

Nieleze kidogo, na yeye mwenyewe kaniruhusu niandike ila nisimtaje jina. Rumeti wangu anapiga sarakasi. Wako saba kwenye kikundi chao, na yeye kwa kuwa ni mwepesi ndiye anayepanda juu kabisa ya piramidi, ngazi ya tatu, halafu anashuka kwa samasoti mbili hewani. Muhula uliopita walikwenda kwenye mashindano fulani ya vipaji ya vyuo. Wakafanya kila kitu vizuri kwa dakika sita, dakika ya saba akashuka na samasoti zake mbili, akazunguka zote, ila akatua vibaya akakaa chini. Akainuka haraka, akanyoosha mikono, wakamaliza. Majaji watatu mezani wakaandika namba moja moja. Wao wakapata 71. Walioshinda walipata 74, na walioshinda walipiga samasoti moja moja za chini, safi kabisa, zile ambazo watoto wa mtaani kwetu wanapiga kwenye mchanga. Wakauliza alama zilikatwa wapi. Jibu walilopewa: "Si mlianguka?" Basi. Tangu siku hiyo hajagusa godoro la mazoezi, na wenzake hawajamwambia neno baya hata moja, jambo ambalo nadhani ndilo linalomuumiza zaidi.

Kwa hiyo nikakaa na hizi kanuni siku kadhaa, nikaacha desa la takwimu pembeni (msimwambie mwalimu wangu). Na nilichokikuta kimenishangaza kwa pande zote mbili, uzuri wake na ubaya wake.

Kwanza ujue zamani haikuwa hivi. Zamani mchezo huu ulikuwa na alama ya juu kabisa ya 6.0. Jaji anakutazama, anakupa alama moja ya ufundi na nyingine ya mvuto wa onyesho, na kazi kubwa ya zile namba ilikuwa kupanga nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Yaani jaji haulizwi mruko wa tatu ulikuwa na thamani gani. Anaulizwa tu: nani bora? Ni kama wale majaji wa rumeti wangu, ila na suti nzuri zaidi.

Mambo yakaharibika kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, Februari 2002. Wanandoa wa barafu (nawaita hivyo, siyo lazima wawe wameoana) wa Urusi, Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze, walikuwa na kosa dogo linaloonekana, Sikharulidze aliyumba wakati wa kutua kwenye mruko mmoja. Wakanada Jamie Salé na David Pelletier hawakuyumba popote. Kura za majaji tisa: watano kwa Warusi, wanne kwa Wakanada. Ukumbi ukazomea. Halafu jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, akasema alishinikizwa na shirikisho la kwao kuwapigia Warusi, baadaye akabadilisha maelezo, ikawa vurugu tupu. Siku chache baadaye Wakanada nao wakapewa dhahabu, ikawa dhahabu mbili kwa shindano moja. Le Gougne na rais wa shirikisho lake wakafungiwa miaka 3.

Naomba mlitazame lile tukio vizuri. Watu wengi walikasirika kwa sababu ya kuyumba. "Aliyeyumba hawezi kumshinda asiyeyumba." Lakini kuna waliosema Warusi walifanya mambo magumu zaidi, walikuwa na kasi na uzito wa kisanii. Chini ya mfumo wa 6.0 haungeweza kumthibitishia mtu yeyote chochote, maana hesabu yote ilikuwa ndani ya kichwa cha jaji. Ndipo chama cha dunia cha mchezo huu, ISU, kikautupa ule mfumo na mwaka 2004 kikaleta mpya, na Olimpiki ya kwanza kuutumia ikawa Turin 2006.

Sasa hapa ndo utamu ulipo, vumilieni hesabu kidogo. Mimi nimesoma takwimu kwa shida, lakini hii nilielewa.

Kila mruko una bei yake, imeandikwa kwenye jedwali kama bei za soda. Kwenye jedwali lililoanza msimu wa 2018/19, mruko wa tolupu wa mizunguko mitatu ni 4.2. Salchow ya mizunguko mitatu ni 4.3. Lutz ya mizunguko mitatu 5.9. Axel ya mitatu inafika 8.0, kwa sababu Axel ndiyo pekee unayoiruka ukiwa umetazama mbele, kwa hiyo unajikuta unazunguka nusu zaidi. Halafu ukienda kwenye mizunguko minne bei zinapanda ghafla: tolupu 9.5, Lutz 11.5, na Axel ya mizunguko minne 12.5. (Hayo majina ni ya watu, msidhani ni matusi. Salchow alikuwa Mswidi, Lutz wa Austria, Axel Paulsen wa Norway ambaye aliurusha mruko wake mwaka 1882 huko. Mtu anaruka mara moja, jina linabaki karne nzima. Mimi nimeshawasilisha kazi darasani mara kumi na mwalimu bado ananiita "wewe wa shati jeupe".)

Baada ya bei, majaji tisa kila mmoja anatoa alama ya ubora wa ule mruko, kuanzia -5 hadi +5. Wanaondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zile saba zinazobaki wanatafuta wastani. Kila hatua moja ni asilimia 10 ya bei ya mruko. Ukianguka kwa kawaida unapigwa -5, yaani nusu ya bei imekwenda na maji. Juu ya hapo unakatwa pointi 1 kwa kuanguka. Ukianguka mara ya tatu na ya nne makato ni pointi 2 kila moja, kuanzia ya tano ni 3. Na hata neno "kuanguka" lina tafsiri yake: ni pale unapopoteza udhibiti na sehemu kubwa ya uzito wako inabebwa na kitu kisichokuwa chuma cha kiatu, iwe mkono, goti, mgongo au makalio. Wanaoamua hilo si wale majaji tisa. Ni jopo la ufundi, watu watatu wenye marudio ya video, na ndio hao pia wanaoangalia kama mizunguko ilitimia au uliiba robo.

Tupige hesabu. Mtu karusha Lutz ya mizunguko minne, kazungusha yote, kaanguka. 11.5 toa nusu yake, 5.75, toa pointi 1. Kabakiwa na 4.75. Mwingine karusha tolupu ya mizunguko mitatu, katua kawaida tu, hakuna la ajabu. Kapata 4.2.

Mmeona? Aliyelala chini kwenye barafu kamzidi aliyesimama.

Nilipomwonyesha rumeti alikaa kitako kitandani mpaka kichwa kikagonga dari. Akasema rudia. Nikarudia. Kisha nikamwonyesha upande wa pili, maana sikutaka kumdanganya. Tolupu ya mizunguko minne ukianguka unabaki na 3.75, yaani ni hasara, bora ungerusha ya mitatu ukasimama. Na kama ulianguka kwa sababu hukuzungusha yote, bei yenyewe inashuka kabla hata hawajaanza kukukata. Kwa hiyo hakuna sheria inayosema "magumu yanalipa". Inategemea gumu lipi, na ulifika wapi kabla ya kuanguka. Kuna tofauti kati ya mtu aliyemaliza kazi hewani akakosa kutua, na mtu aliyekuwa ameshindwa tangu hajaondoka chini. Mimi na wewe tukitazama tunaona kitu kimoja, mtu kakaa chini. Jopo linaona vitu viwili.

Mpaka hapo mimi nilikuwa mshabiki kabisa wa mfumo huu, nikataka na testi zetu zisahihishwe hivyo. Halafu nikafika kwenye sehemu ya pili ya alama, shauku ikapungua.

Mbali na miruko na mizunguko, kuna alama za onyesho zima. Zamani vipengele vilikuwa vitano, tangu 2022 ni vitatu: utunzi wa programu, uwasilishaji, na ufundi wa kuteleza kwenyewe, yaani kasi, kona, namna unavyotumia makali ya kiatu. Kila kipengele kinapewa alama hadi 10, kwa vipande vya robo robo. Kisha zinazidishwa. Kwa wanaume kwenye programu ndefu zinazidishwa kwa 3.33. Hapa sasa shikeni kalamu: jaji akikupandisha nusu alama tu kwenye kila kipengele, na wenzake wakafanya vivyo hivyo, ni 0.5 mara 3 mara 3.33. Karibu pointi 5. Pointi tano, ambazo hakuna video ya kurudia, hakuna jedwali la bei, hakuna jopo. Wakati kuanguka kwenyewe, yale maumivu yote na aibu yote, makato yake ni pointi 1.

Kwa hiyo watu wanaogombana kwamba pointi 1 ni ndogo mno kwa kuanguka, nadhani wanapigia kelele mlango usio wenyewe. Kuanguka kunajulikana bei yake. Mlango wenyewe ni huu wa vipengele. Turudi London ya Ontario. Mashabiki walimlalamikia Chan tangu zamani, hata wakatunga neno la kejeli, "Chanflation", wakimaanisha alama zake zinapanda kama bei ya mafuta. Hoja yao ni kwamba Chan akianguka, alama zake za onyesho hazianguki naye. Na mimi nilipotazama ile video mara ya tatu, nikaacha kuangalia miruko nikaangalia onyesho tu, nikakubaliana nao kwa nusu. Nusu ya kwanza: huyu mtu anateleza jamani! Anaingia kona kama maji yanayomwagika, husikii hata kelele ya chuma, anapiga hatua mbili yuko upande wa pili wa ukumbi. Ufundi wake wa kuteleza haukuondoka kwa sababu alianguka, kama ambavyo sauti ya mwimbaji haiondoki kwa sababu kasahau mstari. Lakini nusu ya pili: uwasilishaji je? Ukianguka muziki unakuacha. Unainuka unaukimbiza. Watazamaji wanashika vichwa, hakuna tena anayesikiliza hadithi unayosimulia, wanasubiri kama utaanguka tena. Onyesho zima limepasuka pale na huwezi kulipa alama kana kwamba ni kikombe kizima.

Kwangu mimi, usiku ule Ten ndiye aliyestahili. Lakini nasema hivyo nikijua hesabu inanipinga kwa sababu moja ya haki kabisa: Ten alimshinda Chan kwenye programu ndefu kwa 5.51, ila siku ya kwanza Chan alikuwa amemwacha kwa 6.81, na hiyo siku ya kwanza hakuanguka mtu. Sisi tunaotazama tunakumbuka cha mwisho. Karatasi inakumbuka vyote. Rumeti alisema "basi Ten alishindwa Jumatano siyo Ijumaa", na ingawa sina hakika na siku zenyewe alizozitaja, maana yake niliipata.

Inaelekea hata wenyewe ISU waliliona hilo la vipengele. Tangu 2018 kanuni zinasema programu yenye kuanguka au kosa kubwa haipaswi kupewa 10 kwenye vipengele, na ukikosea zaidi dari linashuka zaidi. Pia mwaka 2016 walipiga kura kuondoa usiri wa majaji. Maana baada ya ile kashfa ya 2002 waliwaficha majaji, ukawa unaona alama bila kujua ya nani, eti ili wasishinikizwe na nchi zao. Mtu anakupa alama ya ajabu halafu jina hana! Sasa karatasi inatoka na kila jaji na safu yake. Unaweza kukaa hosteli Dar es Salaam ukaona jaji namba sita alimpa nani nini kwenye mruko wa tano. Rumeti alipoiona ile karatasi alinyamaza muda mrefu. Akasema tu, "Sisi walituambia si mlianguka."

Kuna mwingine aliyeanguka akashinda, na huyu watu hawamlalamikii sana. Yuzuru Hanyu wa Japani, Olimpiki ya Sochi, Februari 2014. Alikuwa na miaka 19. Programu fupi alipata 101.45, akawa wa kwanza kuvuka 100. Kwenye ndefu, mruko wa kwanza kabisa, Salchow ya mizunguko minne, akaanguka. Baadaye akaanguka tena. Chan huyuhuyu akaingia baada yake, dhahabu iko mezani imeachwa wazi, anachotakiwa ni kusimama tu. Naye akashindwa kutulia, mkono huku, kuyumba kule. Mwisho Hanyu 280.09, Chan 275.62, na wa tatu ni nani? Denis Ten. Hanyu akawa mwanaume wa kwanza wa Japani kupata dhahabu ya Olimpiki kwenye mchezo huo. Ukitazama uso wake baada ya kumaliza, si uso wa bingwa, ni uso wa mtu aliyefeli. Karatasi ilimwona mshindi kabla yeye mwenyewe hajajiona.

Ten, niseme na hili kwa sababu nilipolisoma nilizima simu kwanza. Aliuawa Almaty, Julai 2018, alipopambana na watu waliokuwa wakiiba vioo vya gari lake. Alikuwa na miaka 25. Ile video ya 2013 sasa siwezi kuitazama kama nilivyoitazama mara ya kwanza.

Jambo la mwisho, na hili nililipeleka moja kwa moja kitanda cha juu kwa sababu ni la sarakasi. Samasoti ya nyuma kwenye barafu ilipigwa marufuku miaka ya 1970, baada ya Mmarekani Terry Kubicka kuirusha kwenye Olimpiki ya 1976. Mwaka 1998 kule Nagano, dada mmoja mweusi wa Ufaransa, Surya Bonaly, aliyekuwa mshindi wa pili wa dunia mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995, aliingia akiwa na majeraha, mambo yakawa hayaendi, akaona liwalo na liwe. Akapiga samasoti ya nyuma akatua kwa mguu mmoja. Mguu mmoja, kwenye chuma! Ukumbi ukalipuka. Alimaliza wa 10. Tuje 2024. Mfaransa mwingine, Adam Siao Him Fa, akaipiga kwenye mashindano ya Ulaya, ikiwa bado marufuku, akakatwa pointi 2 na akashinda vilevile. Mwaka huohuo ISU ikaihalalisha.

Sasa fikirieni: mpaka 2024, kuanguka chini kwa makalio makato yake yalikuwa pointi 1, na kuruka kichwa chini miguu juu ukatua umesimama makato yake yalikuwa pointi 2. Rumeti alicheka mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Ni mara ya kwanza namsikia akicheka hivyo tangu muhula uliopita.

Juzi nimerudi kutoka lekcha nikamkuta na karatasi yangu ya grafu, kaigeuza jedwali. Kaandika kila kitu ambacho kikundi chao kinafanya, na mbele ya kila kimoja kaweka bei yake mwenyewe. Kusimama kwa mikono, 2. Piramidi ngazi mbili, 5. Ngazi tatu, 8. Kushuka kwa samasoti moja, 4. Kushuka kwa samasoti mbili, 10. Halafu kapiga hesabu ya siku ile: 10, toa nusu, toa 1. Imebaki 4. Sawasawa na samasoti moja safi.

"Zimelingana," akaniambia. "Kwa hiyo zile pointi tatu hazikutoka kwenye kuanguka." Nikamwambia bei umezipanga mwenyewe kaka, ungeweka 9 ingekuwa hasara. Akasema anajua. Akakaa anaizungusha kalamu. Kisha akauliza kama wale majaji watatu wakiombwa wanaweza kutoa karatasi zao, hata zisizo na majina, ili aone kila mmoja aliandika nini.

Barua ya kuomba ameshaiandika, mimi nimemsaidia kurekebisha nukta na mkato. Hawajajibu. Kikundi kina mazoezi Jumamosi saa kumi jioni, na wenzake wanataka samasoti mbili zitolewe kwenye onyesho kabisa. Yeye hajasema ndiyo wala hapana, ila jana jioni nilimwona nyuma ya hosteli akishona lile godoro lililochanika.